Taa na feni kwa dari inayopanda na paa: mwongozo kamili, kuanzia tepu hadi swichi

Malalamiko yanakuja kwa sura mbili. Wa kwanza ana feni ya juu, inazunguka kwa kasi ya mwisho, lakini waliokaa kwenye sofa wanajipepea kwa gazeti. Wa pili ameweka taa sita darini, na bado mtoto akitaka kusoma anahamia jikoni. Nyumba zote mbili zina dari isiyo bapa: imepigiliwa kufuata mteremko wa paa, ukutani chini, katikati juu. Na wote wawili walianzia dukani.

Kwenye dari bapa ya mita 3 unaweza kununua feni yoyote, fundi akaifunga, maisha yakaendelea. Dari inayopanda haina huruma hiyo. Bomba la kuning'inizia feni likiwa fupi kidogo tu, feni inapepea popo. Ndiyo maana katika mwongozo huu dukani tunakwenda baada ya kupima na kupiga hesabu. Hatua ya 1 na ya 2 usiziruke, maana hesabu zote za mbele zinatoka huko.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa kupima na kupanga:

- Tepu ya mita 5 au zaidi
- Pimamaji, na ubao ulionyooka wa mita 1
- Uzi wenye kitu kizito mwishoni (timazi)
- Karatasi na kalamu, na chaki au tepu ya gundi ya kuweka alama sakafuni

Kwa kufunga:

- Ngazi ya kujisimamia yenye miguu minne, au jukwaa la mabomba la kukodi
- Mbao za 2 kwa 4
- Ndoano ya chuma au boliti ya jicho yenye unene wa milimita 10 hadi 12, pamoja na nati na washa pana
- Bomba la feni lenye urefu uliokokotoa, si lile lililomo kwenye boksi
- Waya laini wa nyuzi tatu, mrefu wa kutosha kupita ndani ya bomba bila kuungwa
- Kebo nyembamba ya chuma ya usalama
- Testa, plaizi, bisibisi, drili
- Ndoo mbili za lita 20 (zina kazi yake, utaiona)

Na fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, kwa Kenya na EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati. Kupima, kuchagua na kupanga unaweza kufanya mwenyewe. Kuunganisha umeme mwachie yeye.

Onyo moja kuhusu ngazi. Ngazi ya kuegemeza haifai chumba cha namna hii, kwa sababu katikati ya chumba hakuna ukuta wa kuiegemeza, na ukiiegemeza kwenye dari ya mteremko itateleza. Kwa urefu wa mita 4 kwenda juu, kodi jukwaa.

## Hatua ya 1: Pata namba tano za chumba chako

Andika hizi:

1. Urefu na upana wa chumba.
2. Kimo cha ukuta, kutoka sakafuni hadi dari inapoanza kupanda.
3. Kimo cha kilele, kutoka sakafuni hadi dari inapoishia juu.
4. Mpando wa dari kwa kila mita moja.
5. Mahali zilipo mbao za paa: kenchi, na kama zipo, boriti zinazokatisha chumba kutoka ukuta hadi ukuta.

Namba ya nne ndiyo watu huikimbia wakidhani inahitaji hesabu za pembe. Haihitaji. Chukua ubao wako wa mita 1, gusisha ncha moja kwenye dari upande wa chini wa mteremko, uweke pimamaji juu ya ubao mpaka ulale sawasawa. Sasa pima wima kutoka ncha ya pili hadi dari. Ukipata sentimita 60, basi dari yako inapanda sentimita 60 kwa kila mita. Basi.

Kama huwezi kufika darini, toa kimo cha ukuta kwenye kimo cha kilele, kisha gawa kwa umbali wa mlalo kutoka ukutani hadi chini ya kilele.

Tuchukue sebule moja na tubaki nayo hadi mwisho. Ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Ukuta una mita 3, kilele kiko katikati kwenye mita 4.5. Dari inapanda mita 1.5 ndani ya mita 2.5, yaani sentimita 60 kwa kila mita. Ni mteremko wa kawaida tu wa nyumba ya bati au vigae.

Namba ya tano inahitaji macho na kugonga. Kenchi zikiwa wazi, kazi imekwisha. Zikiwa zimefunikwa na jipsamu, gonga kwa kifundo cha kidole: penye mbao sauti inakuwa nzito, penye uwazi inalia kama debe. Mistari ya misumari nayo inakuonyesha.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro mmoja wa chumba kutoka juu na mmoja kutoka ubavuni, vyote vina vipimo, na mbao zimewekewa alama.

## Hatua ya 2: Amua feni ikae wapi

Feni haipozi chumba. Inampoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Kwa hiyo swali la kwanza si "katikati ya dari ni wapi?" bali "watu wanakaa wapi?" Weka sofa mahali zitakapokuwa, kaa, kisha weka alama sakafuni katikati ya viti. Feni inatakiwa iwe juu ya alama hiyo au karibu nayo.

Kuna mahali patatu pa kuitundika.

Chini ya boriti inayokatisha chumba. Kama nyumba yako ina boriti za namna hiyo zikiwa wazi, umebahatika. Boriti iko chini kuliko kilele, mbao ni imara, na juu ya mapanga kuna uwazi mkubwa wa hewa. Bomba fupi linatosha. Mimi nikizikuta sitafuti mahali pengine.

Kwenye kilele. Ni pazuri kwa macho na mbao ya mgongo wa paa huwa imara, ila bomba litakuwa refu.

Kwenye mteremko wenyewe. Inawezekana, ila angalia upande wa chini: ncha ya panga isikaribie dari wala ukuta. Acha sentimita 45 au zaidi kutoka ncha ya panga hadi ukutani.

Kwa sebule yetu, tuseme viti viko upande mmoja. Feni ya inchi 56 ina mapanga yanayofika sentimita 70 kutoka katikati. Ukiitundika mita 1 kutoka ukutani, ncha inabaki sentimita 30 na ukuta. Ni karibu mno. Isogeze hadi mita 1.2, ncha ibaki na sentimita 50.

Jambo jingine kabla hujatoboa. Chini ya bati, mchana, joto lote linapanda kileleni na kukaa huko. Feni iliyo juu sana inachota joto hilo na kukurudishia kichwani. Kama ukuta wa pembetatu, ule unaofika kileleni, hauna tundu la hewa wala dirisha dogo, anza na hilo. Tundu lenye wavu wa mbu kule juu, pande zote mbili, linasaidia kuliko feni ya pili.

## Hatua ya 3: Kokotoa ukubwa wa feni na urefu wa bomba

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa hiyo twende polepole.

Ukubwa. Chumba cha hadi mita za mraba 12 kinatosheka na feni ya inchi 36 hadi 42. Kuanzia hapo hadi 20, chukua inchi 48. Zaidi ya hapo, inchi 56. Sebule yetu ina mita za mraba 30. Inchi 56 moja juu ya viti inatosha kama mnakaa sehemu moja. Kama upande wa pili kuna meza ya chakula, feni mbili za inchi 48 zitawafaa zaidi kuliko moja kubwa iliyo katikati isiyomfikia mtu yeyote.

Kimo cha mapanga. Mapanga yawe mita 2.4 hadi 2.7 kutoka sakafuni. Yasishuke chini ya mita 2.1 kwa hali yoyote. Mtu mrefu akivaa shati mikono inafika huko. Mimi hutumia 2.6 kwa sebule.

Urefu wa bomba. Chukua kimo cha ndoano kutoka sakafuni, toa kimo cha mapanga unachotaka, toa tena mwili wa feni wenyewe (kutoka ndoano hadi mapanga bila kuhesabu bomba, kwa feni nyingi ni sentimita 20 hadi 30, pima ya kwako). Kinachobaki ni bomba.

Kileleni: 450 toa 260 toa 25, bomba ni sentimita 165.

Kwenye mteremko, mita 1.2 kutoka ukutani: dari hapo iko sentimita 372 (300 za ukuta, ongeza 72 za mpando). 372 toa 260 toa 25, bomba ni sentimita 87.

Linganisha na bomba linalokuja ndani ya boksi. Mara nyingi lina sentimita 30 hivi, pengine pungufu. Sasa unaelewa kwa nini feni ya jirani inazunguka bila faida.

Ukaguzi wa upande wa chini. Zidisha nusu kipenyo cha feni (kwa mita) na mpando wa dari: 0.7 mara 60 ni 42. Ongeza sentimita 30 za uwazi wa hewa: 72. Huu ndio umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa kutoka ndoano hadi mapanga. Pungufu ya hapo, panga linapita karibu mno na dari, feni inakosa hewa ya kuvuta, inanguruma bila upepo. Sebule yetu ina sentimita 112 kwenye mteremko, kwa hiyo tuko salama.

Ukaguzi huu ndio unaookoa vyumba vya kulala vya ghorofani vyenye dari fupi. Ndoano ikiwa mita 3 na mteremko ni huohuo, feni ya inchi 56 italazimika kushuka hadi mita 2.28. Ya inchi 48 itahitaji sentimita 66 tu, ibaki mita 2.34. Chukua ndogo. Kama hesabu inakuleta karibu na mita 2.1, achana na feni ya juu kabisa, funga ya ukutani.

Fundi atakwambia, "Mama, bomba refu linaharibu muonekano, tulipandishe kidogo." Mwonyeshe karatasi. Ukilipandisha sentimita 60 utabaki na pambo.

## Hatua ya 4: Sasa chagua feni

Mambo machache ndiyo yenye uzito.

Namna inavyoning'inia. Feni nyingi za madukani kwetu zinaning'inia kwa kipande cha chuma chenye umbo la U na gurudumu la mpira, linalokaa kwenye ndoano. Mfumo huu unafaa sana dari ya mteremko, kwa sababu feni inajiweka wima yenyewe. Feni zinazobana bati la kufungia moja kwa moja darini ni za dari bapa. Kwenye mteremko zinainama. Zile zenye mpira wa duara ndani ya kikombe zinakubali mteremko wa kiasi, na kila moja ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Mteremko mkali unadai kikombe maalumu cha kuinama.

Mota. Feni ya kawaida hula wati 70 hadi 75 ikiwa kasi ya juu. Zile mpya za mota ya DC, zenye rimoti, hula kama nusu ya hapo au chini yake, na hazingurumi. Bei yake iko juu. Kwa chumba ambacho feni haizimwi usiku kucha, tofauti inarudi kwenye luku. Onyo: feni ya DC haifungwi na regulata ya ukutani. Regulata inaua kifaa chake cha ndani.

Pwani. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Mombasa, chumvi ya hewani inakula kila kitu. Chagua mapanga ya alumini au plastiki nzito, na boliti za chuma kisichoshika kutu. Rangi ya dhahabu inayong'aa dukani itaanza kuota madoa mapema.

Nyanda za juu. Njombe, Lushoto, Limuru, ambako Julai watu wanawasha moto, tafuta feni yenye swichi ya kugeuza mzunguko. Ikizunguka polepole kuvuta hewa juu, inalisukuma joto la kileleni lishuke kufuata kuta bila kukupulizia baridi. Dar es Salaam swichi hiyo hutaigusa.

## Hatua ya 5: Tengeneza mahali pa kutundikia

Jipsamu haibebi feni. Siling bodi haibebi feni. Papi nyembamba za kupigilia dari hazibebi feni. Feni ina kilo 4 hadi 6 tu, lakini inatikisika mchana na usiku kwa miaka.

Kama kenchi haipo juu kabisa ya alama yako, kata mbao ya 2 kwa 4, ilaze kati ya kenchi mbili, ifunge kwa boliti, si misumari peke yake. Msumari unaovutwa kwenda chini hujilegeza kidogo kidogo.

Toboa mbao katikati ya upana wake. Pitisha boliti ya jicho au ndoano, weka washa pana na nati kwa juu, kisha nati ya pili ya kufungia ya kwanza isilegee. Ndoano ya kuskrubu tu kwenye mbao usiikubali.

Jaribio la ndoo. Usiwe na haraka hapa. Jaza maji ndoo mbili za lita 20, zifunge kamba, zitundike kwenye ndoano usiku kucha. Hizo ni kilo 40. Asubuhi pima: mbao haikupinda, ndoano haikufunguka, dari haina ufa mpya. Ukiona badiliko lolote, shusha na uongeze mbao.

Bomba. Kata kipande kimoja cha bomba la chuma chenye unene na kipenyo sawa na la kiwandani, utoboe matundu ya boliti pande zote mbili. Wengi huchomelea vipande viwili ili kupata urefu. Ninakataa, kwa sababu mbili: kiungo kikipinda hata kidogo feni itayumba maisha yake yote, na kiungo cha kuchomelea ndicho kitakachokatika siku ikikatika.

Boliti za juu na chini ya bomba zina tundu dogo la kota pini. Hiyo pini ndogo ya waya wa kukunja, inayopotea kwenye boksi na fundi akasema "haina shida", ndiyo inayozuia nati isitoke kwa mtikisiko. Isipokuwepo, kazi isimame mpaka inunuliwe.

Mwisho, kebo ya usalama: ifunge kwenye mwili wa feni na kwenye mbao nyingine, si kwenye ndoano ileile.

Utajua umefaulu feni ikining'inia bila umeme, uzi wa timazi ukiwa sambamba na bomba, na mapanga yakizungushwa kwa mkono bila kugusa wala kukwaruza chochote.

## Hatua ya 6: Hesabu mwanga kwa lumeni

Wati inakwambia balbu inakula kiasi gani. Mwanga wake unasomwa kwa lumeni, nazo zimeandikwa kwenye boksi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800.

Kwa sebule, lumeni 150 kwa kila mita ya mraba ni kiasi kizuri. Sebule yetu: 30 mara 150 ni lumeni 4,500. Hizo ni zinazotakiwa kufika chini. Kwa kuwa dari iko juu na mwanga mwingi unapotelea njiani, ongeza nusu: 6,750. Ni sawa na balbu nane au tisa za wati 9. Jikoni, juu ya meza ya kukatia, hesabu 300 au zaidi.

Dari ya mbao iliyokolea au iliyopakwa vanishi nzito inameza mwanga. Ongeza zaidi, au paka rangi nyeupe.

Usitundike zote kileleni. Balbu hiyohiyo ukiihamisha kutoka mita 2 juu ya meza hadi mita 4, mwanga unaotua moja kwa moja mezani unabaki robo. Kuongeza balbu kule juu ni kulipa umeme mara nne kwa kazi moja. Shusha taa.

## Hatua ya 7: Gawanya taa kwa vimo vitatu

Taa za ukutani zinazoangaza juu. Zifunge mita 1.8 hadi 2 kutoka sakafuni. Kama dari ni nyeupe, mwanga unagonga mteremko na kurudi ukiwa laini, chumba chote kinaonekana kikubwa. Nne kwa sebule yetu, mbili kila upande mrefu. Balbu zake utazibadilisha ukiwa umesimama kwenye kiti. Kwangu hizi ndizo za kununua kwanza.

Angalia umbo lake. Bakuli la kioo lililo wazi juu linavutia dukani, kisha mvua za kwanza zinakuja na kumbikumbi, na asubuhi bakuli limejaa mabawa na mizoga, kivuli chake kinaonekana ukutani. Chagua lenye kifuniko au lililo wazi chini pia.

Taa za kuning'inia. Juu ya meza ya chakula, sehemu ya chini ya taa iwe sentimita 75 hadi 90 kutoka juu ya meza. Mahali watu wanapopita, isishuke chini ya mita 2.1.

Ukitaka taa kubwa ya mapambo kileleni, jumlisha urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha na 8: 6 ongeza 5 ni 11, mara 8 ni 88. Taa ya kipenyo cha sentimita 80 hadi 90 itapendeza. Ndogo ya sentimita 40 itaonekana kama imesahauliwa na mafundi. Iwe ya mnyororo na ndoano, ijiweke wima. Taa ya bomba gumu kwenye mteremko itakaa upande. Ina uzito, kwa hiyo jaribio la ndoo linaihusu pia. Na kabla hujalipa jiulize nani ataipangusa vumbi.

Taa za kuelekeza. Zile za kuchimbia kwenye jipsamu ndizo zinazoleta ugomvi. Kwenye mteremko hazitazami chini, zinatazama upande, na aliyekaa kwenye sofa ng'ambo anapigwa machoni. Nunua zenye shingo ya kugeuza, uzielekeze kwenye picha, kabati au meza. Soma pembe ya mwanga kwenye boksi: ya nyuzi 36 ikiwa mita 3 juu inafunika duara la mita 2 hivi; ya nyuzi 60, mita 3.5. Kileleni ya nyuzi 60 inasambaa mpaka haifai kitu. Chukua 24 au 36.

Rangi ya mwanga. Inasomwa kwa kelvini: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano wa kupumzikia. 4000 unafaa jikoni. 6500 ndio ule mweupe wa buluu unaouzwa kila kona, na sebule yenye dari ndefu ikiwashwa nao inakuwa kama wodi. Zote za chumba kimoja ziwe rangi moja.

Joto la darini. Kati ya bati na dari, saa nane mchana, kuna tanuri. Taa za LED zinakufa kwa joto, hasa draiva yake, kile kifaa kidogo kinachoipa LED umeme. Draiva zikiwekwa mahali panapofikika na penye hewa, zinadumu. Zile taa ambazo LED na mwili ni kitu kimoja usizifunge kileleni kama huna jukwaa. Zikifa unabadilisha taa nzima. Kule juu tumia za kubadilisha balbu, na uangalie kama ni ya pini au ya kuskrubu kabla ya kupanda.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Taa iliyoandikwa volti 100 hadi 265 inavumilia kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240 pekee.

## Hatua ya 8: Feni na taa zisigombane

Taa ikiwa juu ya mapanga na mwanga wake unapita katikati yake, kila panga linakata mwanga. Chumba kinapepesa, macho yanachoka, wengine kichwa kinauma. Hakuna balbu itakayotibu hilo.

Kwenye mchoro wako chora duara la feni, kisha usiweke taa yoyote ya kutazama chini juu ya duara hilo. Taa ziwe chini ya usawa wa mapanga, au pembeni kabisa. Taa za ukutani zinazoangaza juu nazo ziwe mbali na feni, la sivyo vivuli vya mapanga vitacheza darini.

Feni yenye taa yake chini haina tatizo hilo, ila usiitegemee kuangaza chumba kizima.

## Hatua ya 9: Waya na swichi

Mwambie fundi haya kabla hajaanza, na yaandikwe kwenye makubaliano:

Feni iwe na swichi yake, taa za ukutani yake, za kuning'inia yake. Chumba chenye milango miwili kiwe na swichi pande zote mbili.

Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa saketi ya taa, breka ya ampea 6 au 10. Kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi. Apime kwa testa, asikisie.

Bomba la feni la mita moja na nusu ni chuma kitupu kinachoning'inia juu ya vichwa. Lazima lifungwe ethi. Waya ndani yake usiwe na kiungo. Kiungo kinachosuguliwa na mtikisiko ndani ya chuma ndicho chanzo cha shoti.

Dima ya taa (swichi ya kupunguza mwanga) isitumike kwa feni. Mota itanguruma, itapata moto, na mwisho itaungua. Na dima ya taa inataka balbu za LED zilizoandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa.

Kabla ya kugusa chochote, zima meinswichi, si swichi ya ukutani, na mtu mmoja asimame karibu nayo.

## Kama paa ni la makuti

Mabanda ya wageni, migahawa ya ufukweni, nyumba nyingi za kupumzikia Bagamoyo, Diani na Nungwi zina makuti yasiyo na dari. Mteremko wake ni mkali, kwa sababu makuti yakilala yanavuja. Kwa mpando wa sentimita 100 kwa mita, feni ya inchi 56 inahitaji mita 1 kamili kutoka ndoano hadi mapanga. Tundika kwenye boriti inayokatisha, siku zote.

Makuti makavu yanashika moto kwa dakika. Hapa ni LED tu, balbu za halojeni marufuku. Nyaya zote ndani ya bomba, zikifuata nguzo na boriti, hakuna kinachochomekwa ndani ya makuti yenyewe. Taa za kuangaza juu hazina maana. Makuti yanameza mwanga wote. Shusha taa za vikapu juu ya meza, na taa za nje zilizo wazi kwa upepo wa bahari ziwe na alama ya IP65, yaani haziingizi vumbi wala maji ya kurushiwa.

## Hatua ya 10: Washa na kagua

Anza kasi ya chini, dakika tano. Panda moja moja hadi ya mwisho. Bomba refu litacheza kidogo, hilo ni kawaida; kinachokataliwa ni kuyumba kunakoongezeka au sauti ya kugonga.

Ikiyumba, zima na pima ncha za mapanga. Kwenye dari bapa mafundi hupima kutoka panga hadi dari; kwako hilo haliwezekani, maana dari imeinama. Simamisha ubao sakafuni, weka alama ya penseli pale ncha ya panga la kwanza inapofika, kisha zungusha kwa mkono ulete la pili na la tatu kwenye alama ileile. Tofauti ikizidi milimita 3, kaza au nyoosha kishikio cha panga hilo polepole. Zikiwa sawa na bado inayumba, bandika sarafu kwa tepu juu ya panga moja, jaribu, hamishia jingine, hadi itulie. Na usichanganye mapanga ya maboksi mawili; kila seti imepimwa uzito wake.

Kisha kaa kwenye sofa usiku. Upepo ukufikie usoni feni ikiwa kasi ya tatu. Kwenye kila kiti usione balbu tupu ikikutazama. Fungua gazeti mezani usome bila kuinama. Zima taa moja moja uone kama chumba bado kinatumika kwa swichi moja.

Baada ya mwezi, zima meinswichi, panda tena na jukwaa au ngazi ya miguu minne, ukaze kila boliti na uangalie kota pini. Baadaye fanya hivyo mara moja kwa mwaka, siku ileile ya kufuta vumbi kwenye mapanga.